Vifuniko Viwili Bila Maji

Mtu aliyepima dawa ya josho kwa miaka thelathini na mmoja hafundishwi habari za kupe na mwanamke wa kulinda watoto. Ndivyo Mzee Kiema Kyule alivyojiambia asubuhi ile ya Alhamisi, aliposimama mlangoni pa Everline katika ploti moja ya Komarock, kofia yake mkononi kwa heshima ya nyumba ya mwenyewe, na hasira yake kooni.

Everline alikuwa amempakata Ndindi, mjukuu wa mzee, msichana wa miaka minne, akimpekua nywele nyuma ya sikio la kushoto. Watoto wengine watano walikuwa mkekani wakimalizia uji.

“Mzee, njoo uone,” alisema Everline. “Nilidhani ni tone la uji limekauka. Kumbe lina miguu.”

Mzee Kiema aliinama. Palikuwa na kupe wa kijivu, amevimba kama punje ya mbaazi, kichwa chake kimezama katika ngozi laini pale ambapo msuko wa kwanza ulianzia.

“Ametoka kwa mbuzi wako hao,” Everline aliongeza. “Jana huyu alishinda akiwalisha maganda ya ndizi. Haya, mshike kichwa. Nina kibano changu cha nyusi hapa. Unamkamata karibu na ngozi kabisa, unamvuta polepole, moja kwa moja, kisha unaosha kwa sabuni. Dada yangu ni nesi kule Webuye, alinionyesha.”

“Kupe hang’olewi,” alisema Mzee Kiema.

“Anafanywa nini basi?”

“Ukimng’oa, kichwa chake hubaki ndani na kuoza. Kupe huuawa pale pale alipo, naye huachia mwenyewe.”

“Anauawa na nini, mzee? Na mahubiri?”

Watoto wawili wakacheka, si kwa sababu wameelewa, bali kwa sababu Everline amecheka. Ndindi naye akacheka, akamnyoshea babu yake mikono. Mzee hakucheka. Alimchukua mtoto akampandisha begani.

“Sawa, mzee wa dipu,” Everline alisema, akirudisha kibano katika kikopo chake. “Mke ni wako. Mchukue.”

Na kweli alikuwa mkewe, kwa utani wa babu na mjukuu. Mtoto alikuwa amepewa jina la marehemu Ndindi, mke wa mzee, na tangu siku ya kutajwa jina hilo Mzee Kiema hakumwita kwa neno jingine ila “mke wangu.” Yeye ambaye, akiwa mzee wa kanisa kwao Ukambani, aliogopwa na vijana kuliko mchungaji, yeye ambaye hakuwahi kuwabusu watoto wake mwenyewe, aliketi sakafuni kwa binti huyu akala udongo uliopikwa katika kifuniko cha chupa, akausifu.

Alikuwa amekuja Nairobi wiki iliyopita kwa shughuli moja. Mkwewe, Wasike, dereva wa lori, alikuwa ameishi na binti yake Wavinya kwa miaka sita bila kupeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao Mkamba asipowapokea huhesabu kwamba binti yake bado hajaolewa. Sasa Wasike alikuwa amewanunua. Mzee aliagiza kwamba atakuja kuwakagua yeye mwenyewe, asije akapelekewa mizoga inayotembea. Mbuzi walifungwa nyuma ya ploti, wakingojea gari la Jumamosi, na siku ya kwanza mzee alipowashika masikio alikuta kupe wamejipanga kama shanga. Akaenda duka la dawa za mifugo akanunua chupa ndogo.

Wavinya aliiona chupa hiyo juu ya meza jioni ile aliporudi kutoka Industrial Area, alikokuwa karani wa ghala. Hakuketi kwanza.

“Baba, hii ina alama ya fuvu.”

“Naijua. Nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na wewe.”

“Isilale ndani ya nyumba yenye mtoto. Tafadhali.”

“Nimesikia.”

Naye aliitoa, akaiweka karibu na mbuzi. Lakini usiku akafikiri juu ya watoto wa ploti nzima waliozoea kucheza kule nyuma, akaona ni afadhali iwe mahali ambapo jicho lake lipo. Akairudisha, akaificha ndani ya mkoba wake chini ya kitanda. Hakumwambia binti yake. Hakuona kuwa ni uongo. Aliona kuwa ni busara ya mtu mzima ambayo haihitaji kutolewa hesabu.

Sasa, saa nne na robo, akiwa peke yake chumbani na mtoto, aliutoa mkoba ule.

Kipimo alikijua kama alivyojua Sala ya Bwana: vifuniko viwili kwa ndoo ya lita kumi. Lakini nani atakoroga ndoo nzima kwa kupe mmoja? Alichovya pamba, akamgusa kupe. Akangoja. Kupe hakuachia. Mtoto alikuwa ameketi kati ya magoti yake akiimba wimbo wa namba, na mzee alitazama kile kitumbo cha kijivu kilichojaa damu ya mjukuu wake, akaifungua tena chupa.

Kwa maana kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka ule mkewe alipougua, aliona paja lake lina kidonda kidogo cheusi, kama alama ya kuchomwa sigara, na Ndindi akamwambia, “Ni kupe aliniuma nikikata nyasi.” Naye, mtaalamu, akamjibu, “Kupe ni adui wa ng’ombe. Kwa mtu hana kazi.” Siku ya kumi na mbili homa ilimchukua. Hospitali haikusema ni homa gani. Labda haikuwa ya kupe. Lakini “labda” humtafuna mtu kuliko hakika.

Basi akamimina kifuniko kizima juu ya mahali pale. Kisha akaona doa jingine katikati ya nywele, huenda lilikuwa kupe wa pili, huenda lilikuwa kivuli. Akamimina kifuniko cha pili, akakisambaza kwa vidole kichwa chote. Nywele za Ndindi zilikuwa zimesukwa kwa nyuzi nene za sufu, nyekundu na nyeusi. Nyuzi zikanywa dawa yote, halikudondoka hata tone. Mzee akaona hilo ni jema. Akamfunika kichwa kwa karatasi ya nailoni ya mkate ili dawa isikauke upesi, juu yake akamfunga kitambaa cha mama yake.

“Babu, inanuka,” alisema Ndindi.

“Dawa nzuri hunuka, mke wangu. Kaa kama bibi arusi.”

Baada ya nusu saa kupe alikuwa ameanguka. Mzee Kiema alimwokota kwa ncha ya kisu, akamtazama kwenye mwanga wa dirisha: mzima, kichwa na miguu yote. Aliondoa ile karatasi, akamfuta mtoto sikio kwa kitambaa kibichi, akampaka balm, mafuta ya kuchua yenye harufu kali, shingoni na kipajini ili harufu ya dawa isimfikie Wavinya jioni. Akafunga tena kitambaa cha kichwa. Moyo wake ulikuwa mweupe. Alitamani Everline awepo aone.

Saa sita Ndindi alisema kichwa chake kinazunguka kama gurudumu, akalala. Saa saba akatapika bila kuamka vizuri. Mzee alimpangusa, akajiambia ni uji wa Everline. Saa nane akamwita, “Mke wangu,” mara moja, mara mbili, kisha akamwita kwa sauti ambayo majirani waliisikia kupitia ukuta. Mikono ya mtoto ilikuwa imelegea kama kamba iliyolowa. Ngozi yake, ambayo mzee alitarajia iwake homa, ilikuwa baridi.

Aliyeingia kwanza ni Everline. Hakuuliza kitu. Alimpigia simu Wavinya kazini, akawakabidhi watoto wake kwa Adhiambo wa nyumba ya tatu, akamfunga Ndindi mgongoni kwa leso, akatoka mbio. Mzee Kiema alifuata nyuma kwa magoti yake mabovu, barabara ya vumbi, akipita wauza mitumba waliosimama kumtazama.

Zahanati ilikuwa jengo la ghorofa moja lenye benchi refu na akina mama kumi hivi waliongojea. Daktari Lydiah, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini na mikono ya haraka, aliwaondoa kwenye foleni mara tu alipomwona mtoto.

“Ameanza lini?”

“Mchana huu,” alisema mzee.

“Homa?”

“Kupe alimuuma. Nyuma ya sikio. Ameshatoka.”

Daktari akainua kitambaa upande mmoja, akaangalia kile kidoa chekundu, akakiacha. Akambana mtoto kidole kwa kifaa kidogo chenye namba. Akatazama namba hizo, akakigonga kile kifaa, akakibandika tena.

“Sitini na mbili. Mtoto wa umri huu moyo unapaswa kupiga karibu mia. Na mwili ni nyuzi thelathini na tano. Mzee, homa ya kupe huja baada ya siku kadhaa, tena huja na joto. Kupe hawezi kumlaza mtoto hivi kwa saa nne. Amekunywa nini?”

“Uji.”

“Dawa? Dawa yoyote, ya nyumbani, ya dukani, ya kienyeji?”

Hapa palikuwa na mlango wa kuungama, nao ulikuwa wazi. Mzee Kiema aliuona. Alikuwa ametumia maisha yake kuwaambia wengine jinsi ilivyo rahisi kuuingia.

“La,” alisema.

Daktari alikunja pua. “Na harufu hii?”

“Balm. Nilimpaka balm.”

Alimtazama kwa muda mfupi, kisha akageuka kumtafuta nesi. Mzee alijiambia kwamba hakusema uongo, kwa sababu aliulizwa juu ya kunywa, na mtoto hakunywa. Alijiambia kwamba dawa ile imepakwa juu ya ngozi za maelfu ya ng’ombe na hakuna aliyelala. Alijiambia hayo yote kwa mpangilio mzuri, na hakuna hata moja lililosimama.

Wavinya aliingia akiwa bado amevaa koti la ghala, viatu vimejaa vumbi. Alimshika mtoto uso kwa mikono miwili, akamwita, akamfinya shavu. Ndindi alifungua jicho moja kidogo, likaelea, likafumba. Wavinya alipoinuka, hakumtazama baba yake. Alimtazama Everline.

“Umempa nini?”

“Uji, Mama Ndindi. Kikombe kimoja, kama kila siku.”

“Nimekuuliza umempa nini! Ile ya mafua? Ile ya kuwalaza?”

Kule kwenye benchi mazungumzo yalikoma. Mlango ulikuwa wazi, na kila mama pale alikuwa amewahi kusikia habari za walinzi wa watoto wanaowanywesha watoto wa watu dawa ya mafua ili walale mchana kutwa.

“Hizo ndizo zao,” alisema mmoja, bila kujificha. “Mtoto analala, yeye anatazama simu.”

“Wa dada yangu alilazwa siku mbili,” akasema mwingine.

Everline alisimama wima. Leso ilikuwa bado imelowa jasho mgongoni mwake, pale mtoto alipokuwa.

“Mama Ndindi, miaka miwili nimekulelea mtoto. Nimewahi? Sema mbele ya hawa. Nimewahi?” Everline akageuka. “Mzee, si nilikukabidhi mtoto saa nne akiruka kama mbuzi? Si ulimbeba begani akicheka? Waambie.”

Watu wote wakamtazama Mzee Kiema. Nywele zake nyeupe, koti lake lililopigwa pasi, kofia yake mkononi: hapakuwa na mtu pale ambaye asingeliamini neno lake.

“Alikuwa akitembea,” alisema.

Lilikuwa kweli, na lilikuwa kama kofi. Everline alirudi nyuma hadi ukutani, akakaa hapo, wala hakuondoka, ingawa wengine wangeondoka.

Daktari Lydiah aliinua mkono kunyamazisha watu. “Hapa si kortini. Dawa za mafua zinaweza kumlaza mtoto namna hii. Kama ni hizo, tumpe hewa, tumlaze ubavu, tuangalie. Mara nyingi huamka wenyewe.” Akamwambia nesi, “Amepoa sana. Leteni blanketi. Mfunikeni na kichwa.”

Nesi akaleta blanketi. Wavinya, machozi yakimtiririka kimya, akakivuta kile kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimelegea, akakikaza juu ya ile misuko, akakifunga mafundo mawili, akakibonyeza kwa viganja vyake ili mtoto apate joto. Alikibonyeza kama mama anavyofanya, kwa upendo wote, mara ya kwanza, mara ya pili.

Namba kwenye kile kifaa ikawa hamsini na nane.

Mzee Kiema alikuwa mtu wa josho. Alijua dawa inavyofanya kazi: inahitaji ngozi, inahitaji unyevu, inahitaji muda. Mbuzi hujitikisa, jua humkausha, mambo yakaisha. Lakini sufu ile haikujitikisa. Ilikuwa imeishika dawa saa tano nzima kama sifongo, na sasa ilikuwa ikikandamizwa kichwani mwa mtoto, chini ya blanketi, kwa mikono ya mama yake. Aliona wazi kama mtu anavyoona maandishi ubaoni kwamba wote chumbani wanafanya lililo sawa kwa yale waliyoambiwa, na kwamba mtoto atakufa kwa sababu hiyo.

Hamsini na sita.

“Kiondoeni,” alisema.

Wavinya hakusikia. Mzee akasogea, akashika mkono wa binti yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mdogo, akauondoa kichwani mwa mtoto kwa nguvu.

“Baba! Una nini?”

“Kiondoe. Ni sumu. Iko kwenye nywele. Mimi ndiye niliyeiweka.”

Daktari Lydiah alikuwa amekwisha kufika, anakikata kitambaa kwa mkasi, hangojei fundo.

“Sumu gani?”

“Dawa ya kuogeshea mifugo. Amitrazi.”

“Kidogo?”

Angeweza kusema kidogo. Kila mtu husema kidogo.

“Vifuniko viwili. Mililita ishirini.”

“Katika maji kiasi gani?”

“Bila maji.”

Nesi alishika mdomo. Daktari hakutoa neno la lawama. Hakuwa na nafasi nalo. “Glavu, nyote. Fungueni dirisha. Leteni maji vuguvugu na sabuni, beseni mbili. Nywele zinakatwa zote, hakuna kufumua. Mpigie simu mwenye gari la wagonjwa, mwambie ni sumu, mtoto, na tunahitaji hospitali yenye mashine ya kupumulia.” Mkasi wake ulikuwa ukila ile misuko mmoja baada ya mwingine, nyekundu na nyeusi ikianguka ndani ya mfuko wa taka, na sasa harufu ile, kali, ya mafuta na dawa ya nondo, ilipanda juu ya balm, ikamfikia kila mtu hadi kwenye benchi.

Walimwosha mara tatu. Wavinya alishika beseni. Hakupiga kelele. Baada ya maji ya pili alisema, akiwa bado ameinama:

“Ni ile chupa niliyokuambia?”

“Ndiyo.”

“Nilidhani uliitoa nje.”

“Niliitoa. Kisha nikairudisha, sikukwambia.”

“Na daktari alipouliza?”

“Nilimdanganya.”

“Na Everline?”

“Nilimwacha aumizwe.”

Wavinya alitikisa kichwa mara moja, kama karani anayemaliza ukurasa, akamwaga maji.

Gari la wagonjwa lilipofika, Daktari Lydiah alimpa mzee karatasi na kalamu. “Mimi naandika ya kwangu. Wewe niandikie ya kwako: jina la dawa, nguvu yake, kiasi, saa. Hospitali watataka kujua, na hii ndiyo nafasi yako ya kumsaidia. Usipunguze chochote.”

Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya ukuta, kwa mwandiko ule wa kulala upande mmoja aliofundishwa kwa fimbo katika shule ya misheni: *Amitrazi, asilimia kumi na mbili na nusu. Mililita ishirini, bila maji. Imepakwa kichwani saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ikafunikwa kwa nailoni nusu saa, kisha kitambaa hadi saa tisa na nusu. Aliyepaka: Kiema Kyule, babu yake.* Akaisoma tena. Akaona ameandika “imepakwa,” kana kwamba ilijipaka. Akaikata, akaandika juu yake “niliipaka.”

Nafasi garini ilikuwa ya mtu mmoja. Wavinya alipanda bila kugeuka nyuma. Mlango ukafungwa.

Walibaki wawili kando ya barabara, mzee na Everline. Akina mama walichungulia kutoka ndani, kisha wakajifanya hawachungulii.

“Everline,” alisema, “nimekutenda vibaya. Uliniomba neno moja la kweli, nikakupa nusu yake. Nakuomba unisamehe.”

Everline alikuwa akiikunja leso yake, akiikunjua, akiikunja tena.

“Nitakusamehe, mzee. Mimi ni Mkristo, sina njia nyingine. Lakini si leo.”

“Ni haki yako.”

“Najua ni haki yangu! Ungeniachia nitumie kibano, saa hii mtoto angekuwa ananirukia hapa.” Akafuta macho kwa nyuma ya mkono, kwa ukali, kana kwamba ni ya mtu mwingine. “Miaka thelathini na mmoja ya ng’ombe! Mtoto ana mkia?”

Walikaa juu ya jiwe la mtaro, nafasi ya watu wawili kati yao, wakingoja simu. Iliita saa kumi na moja kasorobo. Mzee aliipokea.

“Wanamshughulikia,” ilikuwa sauti ya Wavinya, bapa, imechoka. “Wamemwekea maji na hewa. Moyo umepanda hadi sabini na tisa. Amefungua macho yote mawili akanitazama. Daktari anasema hawawezi kuahidi chochote mpaka kesho, lakini ameuliza nani aliyeiandika ile karatasi. Amesema imewaokolea muda.”

“Mungu ni—”

“Baba, usiseme kitu sasa. Sitaki kusikia sauti yako leo. Everline yuko hapo? Mpe simu.”

Everline aliisikiliza simu kwa muda mrefu, akiitikia kwa koo tu. Mwishoni alisema, “Kwanza mtoto, Mama Ndindi. Sisi wawili tutateta baadaye, tena vizuri,” akamrudishia mzee simu yake.

Wakaondoka kurudi. Lakini walipokaribia ploti, Everline alipunguza mwendo. Langoni walisimama wanawake sita au saba, na Adhiambo katikati yao, mtoto mmoja kiunoni. Habari zilikuwa zimetangulia. Mtu kutoka lile benchi alikuwa ameziandika kwenye kikundi cha simu kabla hata nywele hazijaanza kukatwa, na aliandika zile za mwanzo tu, za Everline na dawa ya mafua.

“Everline,” Adhiambo alianza, macho yake chini, “mama wa mapacha alikuja. Amewachukua. Amesema hawarudi tena. Na yule wa nyumba ya juu pia anauliza…”

Everline alisimama kando, akamwachia mzee njia.

Mzee Kiema Kyule alikuwa amesimama mbele ya watu mara nyingi maishani mwake, mara zote akiwa na makosa ya wengine mkononi. Alivua kofia. Miguu ilimuuma, na alitamani kuketi, lakini jambo hili halisemwi mtu akiwa ameketi.

“Mtoto anapumua,” alisema. “Nisikilizeni, kisha mmpigie simu mama wa mapacha nizungumze naye mimi mwenyewe. Everline hakumpa mtoto kitu. Aliyempa sumu ni mimi.”